Lushoto kwa Miguu: Mwongozo wa Siku Nne Usambara Magharibi

Wengi wanaopanda Lushoto, mji wa milimani mkoani Tanga, hufuata mtindo mmoja. Wanafika Jumamosi alasiri, bodaboda inawapeleka Irente, wanapiga picha ukingoni mwa jabali, usiku wanakula nyama choma, Jumapili wanashuka zao. Wakirudi Dar es Salaam wanasema Lushoto kuna baridi na mandhari nzuri. Ni kweli tupu, ila wamefika sebuleni wakaaga. Msitu wa Magamba hawakuuingia, barabara ya Lukozi kwenda Mtae hawakuipita, na huko ndiko uliko uhondo wenyewe.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye siku nne, mfuko wa kawaida na miguu inayokubali vilima. Mwenye siku mbili ataona mwenyewe pa kukata.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kabla ya kuchagua hoteli

Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Magamba inapanda kupita mita 2,000. Kwa hiyo usipange kwa hali ya hewa ya Tanga au Korogwe. Ukiwa Mombo, chini ya mlima, unatoka jasho, saa moja baadaye unatafuta sweta.

Masika, yaani Machi hadi Mei, milima inapendeza kwa kijani lakini inakusumbua. Udongo huporomoka barabarani, njia za vijijini zinateleza, na unaweza kufika Irente ukaona ukungu mweupe tu mbele yako. Juni hadi Agosti mvua ni chache, lakini baridi ni ya kweli, hasa usiku, na asubuhi nyingi zinaanza kwa ukungu unaotoka taratibu kuelekea saa nne. Watoto wa pwani wanaweza kulia.

Mimi ningekwambia Septemba kama shabaha yako ni kutembea, na Januari au mwanzo wa Februari kama unapenda matunda. Huo ndio msimu wa plamsi, peasi na fyulisi, na wauzaji wanajipanga barabarani na ndoo zao kuanzia Soni hadi Mombo. Sikukuu za Krismasi na Pasaka epuka, isipokuwa umeshalipia chumba. Wasambaa wanaofanya kazi mijini wanarudi nyumbani kwa wingi, na usafiri unajaa kupita kiasi.

Hatua ya 2: Funga begi la watu wa milimani

Sweta moja nzito, koti linalozuia mvua, soksi za kulalia na kofia. Viatu viwe raba zenye meno au buti nyepesi ulizokwisha kuzizoea, kwa sababu malengelenge ya siku ya kwanza yataharibu siku tatu zinazofuata. Sandali ziache kwa ajili ya bafuni.

Ongeza tochi (utaihitaji Magamba na Mtae), chupa ya maji ya lita moja, na dawa zako. Mwenye pumu abebe kipuliza chake hata kama hajakitumia muda mrefu, maana baridi na vumbi la barabara ya Mtae havina huruma. Kanga au shuka la Kimasai litakufaa kuliko unavyodhani: unajifunika kwenye basi, unakalia kwenye majani, unamsitiri mtoto.

Fedha taslimu chukua mjini. Lushoto ina benki na mawakala wa fedha za simu kila kona, lakini ukishapita Lukozi usitegemee kupata wakala mwenye salio la kutosha.

Hatua ya 3: Fika Mombo mchana, na upande mchana

Njia zote zinakutana Mombo, mji mdogo wa barabarani chini ya mlima kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha. Anayetoka Dar ana mabasi ya moja kwa moja hadi Lushoto kutoka stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis. Hesabu saa sita hadi nane, kulingana na foleni na idadi ya vituo. Panda la asubuhi. Ukikosa basi la moja kwa moja, chukua lolote la Moshi au Arusha, shuka Mombo.

Anayetoka Mombasa anavuka Horohoro, anapita Tanga na Muheza, anaungana na barabara kuu Segera, kisha Korogwe na Mombo. Wa Nairobi anaweza kuingia kwa Namanga au kwa Holili, akashuka kupitia Moshi na Same.

Pale Mombo utakuta Noah, haisi na kosta zinazopanda Lushoto. Noah zina haraka kuliko starehe: gari la watu saba litabeba zaidi, na konda atakuapia kwamba bado kuna nafasi. Ukiwa na mzigo mkubwa au mzee, subiri kosta, au lipia viti viwili. Kaa dirishani. Kama unatapika kwenye kona, kaa mbele na usiangalie simu, kwa sababu kilomita 33 za kutoka Mombo hadi Lushoto karibu zote ni kona.

Kwa anayeendesha gari lake: barabara ni ya lami lakini nyembamba, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine bonde. Panda kwa gia ndogo, na wakati wa kushuka tumia gia hiyohiyo badala ya kukanyaga breki mfululizo hadi zinuke. Piga honi kwenye kila kona usiyoona mbele. Jioni malori ya mbogamboga hushuka yakiwahi masoko ya Dar es Salaam, na dereva wake anaijua njia kuliko wewe, hivyo mpishe. Kupanda usiku kwa mara ya kwanza sikushauri hata kidogo. Utakosa mandhari, na hatari utaikuta palepale.

Katikati ya mlima kuna Soni. Usiipite hivihivi. Maporomoko ya maji yanaonekana kutoka barabarani, na baada ya mvua yana sauti ya kutosha kukufanya uzime injini. Ukiwa na muda wa ziada, kutoka Soni unaweza kwenda Vuga, yalikokuwa makao ya watawala wa Kilindi, ukoo wa Kimweri ye Nyumbai aliyetawala Usambara katika karne ya 19. Usitarajie kasri. Ni kijiji, na utamu wake uko katika simulizi za wazee, kwa hiyo nenda na mwenyeji anayefahamika pale.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza ibaki mjini

Tafuta chumba, oga, tembea. Unapochagua gesti uliza mambo mawili kabla ya bei: maji ya moto na blanketi la pili. Gesti nyingi za bei nafuu zitakuletea maji ya moto kwenye ndoo, na hilo halina shida ukisema mapema. Hosteli za kanisa huwa safi, tulivu na zina chai nzuri ya asubuhi, ila geti hufungwa mapema. Za katikati ya mji karibu na stendi ni rahisi kwa usafiri, lakini muziki wa Jumamosi unaweza kukufuata hadi chini ya mto.

Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, kwa jina la Kaiser wao, wakaufanya makao ya utawala wa wilaya kwa sababu ya baridi iliyowakumbusha kwao. Majengo kadhaa ya enzi hizo bado yanatumika, pamoja na barabara zenye miti mikubwa iliyopandwa pembeni. Waingereza nao walipapenda, na Ikulu ndogo ipo hadi leo. Kuanzia stendi, zunguka taratibu kuelekea upande wa hospitali ya wilaya na ofisi za serikali, kisha shuka sokoni. Saa mbili zinatosha.

Soko ndilo la kukaa. Karoti zimefungwa mafungu, kabichi zimepangwa kama mizinga, hoho, viazi, maharage ya aina ambazo mjini huzioni. Uliza mwenyeji wako siku za gulio zinaangukia lini, uzipangie, maana siku hizo akina mama wanashuka kutoka vijiji vya juu na mizigo kichwani tangu alfajiri na bei ni ya shamba kweli. Kula bada, ugali wa muhogo wa Wasambaa, kwa kisamvu au samaki. Ukizoea sembe utaiona nzito kidogo mara ya kwanza. Mpishi hatakubembeleza.

Jioni hiyohiyo panga mwongozaji wa siku zinazofuata. Lushoto ina vikundi vya utalii wa kitamaduni vyenye ofisi karibu na stendi. Nenda ofisini, taja njia unayotaka, uliza bei ya mtu mmoja na ya kundi, uliza kama ada ya kijiji na ya hifadhi zimo ndani, na udai risiti. Kijana atakayekudaka stendi na kukuambia yeye ndiye mwongozaji anaweza kuwa mkweli, lakini mwambie mkutane ofisini. Mkweli atakuja.

Hatua ya 5: Siku ya pili, Irente, lakini kwa miguu

Jabali la Irente liko kama kilomita tano hadi sita kutoka mjini. Bodaboda ni dakika chache. Kwa miguu ni saa moja na nusu ya mwendo wa kawaida, ukipita Yoghoi, katikati ya mashamba ya ngazi, migomba na nyumba za tofali. Tembea kwenda, na kama magoti yamelalamika, rudi kwa pikipiki.

Njiani liko Shamba la Irente, mali ya Kanisa la Kilutheri, ambako wanatengeneza jibini, jamu na mkate wa ngano nzito. Agiza chakula cha mchana asubuhi unapopita, ukirudi utakuta kiko tayari. Ni mlo wa vitu vya baridi: mkate, jibini, mboga, juisi. Mtu wa wali na nyama atanung'unika, lakini kula chini ya miti ile kuna raha yake.

Kule jabalini utalipa kiingilio. Ukishafika ukingoni ndipo utaelewa ulikopanda: Mazinde iko chini yako karibu mita elfu moja, na mashamba ya mkonge yamechorwa mistari, na barabara kuu ni uzi wenye mabasi madogo yanayotambaa, na zaidi ya hapo ni nyika ya Wamasai hadi macho yanapochoka. Jabali linatazama magharibi. Ukienda asubuhi baada ya ukungu kutoka, jua liko mgongoni na bonde linaonekana wazi. Ukienda saa kumi na moja jioni unapata machweo, lakini utarudi gizani, hivyo panga pikipiki kabla.

Hakuna uzio wa kutegemea. Upepo ule husukuma ghafla, na majani yenye umande yanateleza. Mtoto ashikwe mkono muda wote, na anayetaka picha ya kuning'iniza miguu nje ya mwamba, apigwe picha hiyo akiwa ameketi nyuma ya ukingo. Kwenye picha haitaonekana tofauti kubwa.

Hatua ya 6: Siku ya tatu, ingia Magamba

Hii ndiyo siku ambayo wengi huifuta, na ndiyo ambayo mimi nisingeiuza. Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kutoka mjini panda gari la Lukozi ushuke Magamba, nusu saa hivi. Kiingilio hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, kwa viwango tofauti kati ya raia na mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho cha taifa, na hakikisha simu yako ina salio kabla hujafika getini ambako mtandao unaweza kugoma. Ndani usiingie bila mwongozaji. Njia zinagawanyika, na ukungu ukishuka kila mti unafanana na mwenzake.

Milima ya Usambara ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu ya milima mikongwe kutoka Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Misitu yake hunyweshwa na unyevu wa Bahari ya Hindi, na kwa kuwa kila mlima umetengwa na nyika inayouzunguka, viumbe wengi wamebadilika wakawa wa pale tu. Ndiyo sababu mwongozaji mzuri atakuonyesha kitu kidogo kuliko unavyotarajia. Usimharakishe. Tazama kinyonga wa Usambara, dume mwenye pembe mbili puani. Mchana anajificha vizuri mno, lakini usiku, kwa tochi, anang'aa mweupe kwenye kitawi alicholalia. Matembezi ya usiku ya kutafuta vinyonga yaulizie mapema, ni ya pembezoni mwa msitu na hayachoshi.

Juu ya miti kuna mbega weusi wenye mabega meupe, na kima. Hondohondo utamsikia kwanza, mabawa yake yanavuma kama pangaboi kabla hujamwona. Kwenye miamba yenye kivuli na maji, mwombe mwongozaji akutafutie ua dogo la zambarau ambalo mwaka 1892 lilimvutia Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, akapeleka mbegu kwao. Leo liko kwenye madirisha ya nyumba duniani kote, na kwao ni hapa Usambara.

Kuna pia mapango yaliyochimbwa na Wajerumani kwa ajili ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mabaki ya kiwanda cha mbao. Historia ya msitu huu kwa kiasi kikubwa ni historia ya shoka: kule Shume, mbele ya Magamba, Wajerumani walitundika nyaya za kushushia magogo ya mierezi hadi Mkumbara, kwenye reli ya Tanga. Unapokutana na mti mkubwa wa mkulo ambao watu watano hawaukumbatii, ujue mti huo uliponea chupuchupu.

Tenga saa nne hadi sita. Maji lita moja na nusu, mkate, ndizi. Anza mapema, maana mchana mawingu hupenda kukaa juu ya kilele.

Hatua ya 7: Siku ya nne, Mtae, kama una moyo wa barabara

Mtae iko mwisho kabisa wa Usambara Magharibi, kama kilomita 60 hivi kutoka Lushoto, na safari huchukua saa tatu hadi nne. Barabara yenyewe ndiyo nusu ya sababu ya kwenda. Unapita Magamba, unaingia Lukozi ambako magunia ya viazi na matenga ya mboga yamejaa kando ya njia, kisha unafuata mgongo wa mlima, kushoto na kulia mabonde yaliyolimwa hadi mahali ambapo hata mbuzi angefikiri mara mbili.

Kijiji kimekaa kwenye ncha ya mlima. Pande kadhaa ardhi inaishia ghafla. Chini ni nyika ya Mkomazi, hifadhi ya taifa, ng'ambo ni milima ya Upare, na anga likiwa safi alfajiri Kilimanjaro inajitokeza kaskazini-magharibi. Jirani ni kijiji cha Mambo, nacho kina mandhari ya namna hiyo na sehemu za kulala.

Jambo la kupanga ni magari. Mabasi ya kwenda Mtae huondoka Lushoto mchana, na yanayorudi huondoka Mtae usiku wa manane au alfajiri kabla ya jua. Maana yake huwezi kwenda na kurudi siku moja kwa basi, ni lazima ulale. Gesti za kule ni za kawaida kabisa. Mwambie mwenye gesti akuamshe, na umwambie konda usiku uleule kwamba utakuwepo. Wakati wa mvua, uliza madereva hali ya njia kabla ya kukata tiketi. Wakisema "inapitika kwa shida", ahirisha.

Wenye siku za ziada hutembea kutoka Lushoto hadi Mtae kwa siku tatu au zaidi, wakilala vijijini na kwa masista wa Rangwi. Hiyo ni safari ya kupanga na mwongozaji, na nadhani ndiyo iliyo bora kuliko zote milimani humu.

Hatua ya 8: Adabu ndogo zinazofungua milango

Salimia. Wazee waambie shikamoo, na ukijifunza "onga maundo" ya asubuhi na "hongea" ya kushukuru, utaona nyuso zinavyobadilika. Vijiji vingi vya huku ni vya Waislamu, na makanisa pia yapo ya siku nyingi. Vaa nguo za heshima unapotoka mjini, wanaume kwa wanawake. Mashambani usikatize kwenye matuta, pita kingo. Picha ya mtu omba kwanza, na ukikataliwa shukuru uendelee. Watoto watakufuata. Ukitaka kutoa kitu, pitia shuleni kwa mwalimu, usigawe pipi njiani.

Hatua ya 9: Kushuka

Tiketi ya Dar nunua siku moja kabla, maana mabasi huondoka asubuhi mapema na ya Jumapili na Jumatatu hujaa. Mboga nunua jioni ya kuamkia safari, uzifunge kwenye kiroba chenye matundu, karoti chini na plamsi juu, tena plamsi ambazo bado ni ngumu. Zilizoiva zitafika Chalinze zikiwa juisi. Kama unaelekea Moshi au Arusha, shuka na Noah ya mapema usubiri Mombo: mabasi yaliyotoka Dar saa kumi na mbili asubuhi huanza kupita hapo kuelekea mchana, na mengi husimama kwa chakula, hivyo muulize konda kama ana kiti kabla abiria wake hawajarudi ndani.